Jinsi ya kuandaa tamasha la vitabu na mashairi mtaani kwenu (bila kuligeuza semina)

Mwaka wetu wa kwanza tulimsubiri mgeni rasmi saa moja na dakika arobaini. Watu wameshakaa, watoto wameshaanza kusumbua, waandishi wawili tuliowatoa Dar kwa basi wamekalishwa meza kuu na chupa za maji mbele yao kama wajumbe wa bodi, na pembeni kuna mzee mmoja malenga, anaukaribia umri wa miaka themanini, tulimfuata kwake kwa bajaji tukamuahidi atafungua yeye saa kumi kamili. Ilipofika saa kumi na moja na nusu akainuka, akakung'uta kanzu, akasema "wanangu mie nakwenda kuswali, mkimaliza mambo yenu ya serikali mtaniita." Hatukumuita. Mgeni rasmi alipofika alihutubia mpaka kiza kikaingia, akapiga picha na watu wa meza kuu, akaondoka na nusu ya ukumbi nyuma yake.

Hapo ni Tanga, mji ambao Shaaban Robert alizaliwa pembeni yake, kijiji cha Vibambani, mwaka 1909, mji ambao ukikaa Ngamiani kwenye kijiwe cha kahawa utakuta mtu anayejibu salamu kwa mizani. Na sisi tukamuacha malenga aende zake kwa sababu ya itifaki. Tangu siku hiyo huwa nasema hivi, na kuna wenzangu hawapendi kusikia: watu wetu hawajachoka vitabu wala mashairi, ila sisi waandaaji hatujui kuandaa tamasha, tunajua kuandaa semina. Meza kuu, risala, neno la shukrani, neno la shukrani kwa aliyetoa neno la shukrani. Haya yafuatayo ndo tuliyojifunza baada ya kuharibu, yachukue yalivyo, uyabadilishe kulingana na kwenu.

Anza na siku mbili tu, usijitie uwezo

Mtu akishapata wazo la tamasha anataka siku tano, waandishi ishirini, maonyesho ya mavazi na mbio za baiskeli. Acha. Siku mbili, Jumamosi na Jumapili, vikao vinne vya maongezi na waandishi, usiku mmoja wa mashairi, asubuhi moja ya watoto, inatosha kabisa na utachoka vizuri tu. Ukifanya kidogo kikafana mwakani watu wenyewe watauliza lini.

Tarehe ndo inaua watu. Pwani huku kwanza unaangalia Ramadhani iko wapi mwaka huo, maana kila mwaka inawahi siku kama kumi na moja kuliko mwaka uliopita, usikopi tarehe ya mwaka jana ukadhani uko salama. Pili masika, Machi mpaka Mei usiweke kitu cha uani. Tatu mitihani, Septemba darasa la saba, Novemba kidato cha nne, walimu na wanafunzi ndo wasikilizaji wako wakubwa na hao hutawapata. Sisi tumetulia mwezi wa saba karibu na tarehe 7 Julai, kuna sababu mbili, moja ni Siku ya Kiswahili Duniani iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021 kwa hiyo redio na mashule tayari wanatafuta kitu cha kufanya, mbili ni Sabasaba, watu hawaendi kazini. Ubaya wake ni kusi inapiga, upepo unapuliza kwenye maiki mpaka unasikia kama jahazi, nitarudi hapo kwenye sauti.

Ratiba ipangeni kwa adhana, sio kwa saa. Mwezi wa saba kwetu Magharibi inaingia kwenye saa kumi na mbili na nusu kasoro hivi, Isha saa moja na nusu. Basi kikao cha mwandishi kiwe saa kumi na robo watu wameshaswali Alasiri, kiishe saa kumi na moja na robo, kuna nafasi ya chai na kununua vitabu, watu wakaswali Magharibi, usiku wa mashairi uanze saa mbili kasoro baada ya Isha. Hapo huna haja ya kukatisha mtu katikati ya ubeti.

Na tafadhali andika saa kwa namna mbili. Tulishamtumia mgeni mmoja kutoka Nairobi ratiba imeandikwa "10 jioni" tukiwa na maana yetu ya saa kumi, yeye akajiandaa kwa saa nne ya usiku, tukampigia simu yuko hotelini anaoga. Siku hizi tunaandika "saa kumi jioni (16:00)" kila mahali hata kwenye tiketi ya bajaji ingekuwepo.

Mahali pa kukaa

Ukumbi wa mikutano ni wa mwisho kwenye orodha yangu. Una mwangwi, una jukwaa refu, una meza kuu imeshapachikwa, ukiingia tu mgongo unanyooka kama unasubiri kuitwa jina. Tafuta ua. Ua wa maktaba, ua wa shule, baraza ya jumba la zamani, hata kilabu cha taarab chenye nafasi, Tanga hapa taarab ina historia ndefu na watu wake wanajua kukaa na kusikiliza maneno. Panga viti nusu duara safu nne au tano, mbele tandika mikeka kwa ajili ya vijana na watoto, na mwandishi na muulizaji wake wakae viti vya kawaida kwenye usawa wa watu, au kajukwaa kasikozidi goti. Katikati ya viti na mikeka acha njia mbili za mtu wa maiki kupita. Kadiria watu mia moja, ukiona viti vinazidi ondoa safu ya nyuma kabla hawajaja maana watu wetu hujaza kuanzia nyuma na mbele panabaki mashimo.

Kibali

Fupi tu hapa. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa kwanza, kabla ya mtu yeyote, kwa miguu sio kwa simu. Halafu ofisi ya utamaduni ya halmashauri, halafu barua polisi kwa ajili ya mkusanyiko na spika za usiku, na waulize pale pale utamaduni kama shughuli yako inahitaji kitu kutoka BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa. Anza mwezi mmoja na nusu kabla, kila barua iwe na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, ile nakala ndo utaitoa mfukoni saa tatu usiku akija mtu kuuliza hii kelele ya nini. Ukiwa Mombasa au Lamu utaanzia kwa kaunti na kituo cha polisi, mwendo ni ule ule.

Sasa mgeni rasmi. Huwezi kumkwepa na wala usimkwepe, huyo ndo anakupa ua wa bure. Dawa tuliyoipata ni hii: tunamualika kama msomaji. Barua inasema "tunaomba uje utusomee beti tatu za shairi unalolipenda", tunaambatanisha mashairi mawili matatu achague. Kiongozi akishajua atasoma shairi mbele za watu anafika mapema kwa woga, anasoma dakika tatu, anapigiwa makofi ya kweli, anakaa chini amefurahi. Na ratiba haimsubiri, akichelewa anasoma kikao kinachofuata. Mara ya kwanza tulivyofanya tulidhani tutagombezwa, kumbe alishukuru.

Kualika waandishi na malenga

Chagua waandishi wanne na usichague wote wakubwa. Mmoja jina ambalo shule zinalijua, mmoja wa hapo hapo mjini hata kama kajichapishia mwenyewe, mmoja kijana, mmoja wa kazi isiyotarajiwa, mwandishi wa vitabu vya watoto au mfasiri. Mfasiri usimdharau. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar anayeandika kwa Kiingereza, alipopata Nobel ya fasihi mwaka 2021 watu wetu wengi walikuwa hawajawahi kumsoma kwa Kiswahili, mpaka Ida Hadjivayanis alipoitafsiri riwaya yake Paradise ikatoka kama Peponi mwaka 2022, sasa ukimuweka mfasiri akae aeleze neno moja tu alivyolitafuta siku nzima, watu wa pwani hilo ndo tamu yao, watabishana naye mpaka chai ipoe.

Mwandishi umtumie barua yenye mambo haya yote bila kuzunguka: tarehe, saa (namna mbili!), atakaa na nani, atasoma dakika ngapi, nani analipa nauli, atalala wapi, atalipwa kiasi gani na lini. Kama hela ni ndogo taja hiyo hiyo ndogo. Kinachowaudhi waandishi ni kuambiwa "njoo tu kaka tutaangalia", halafu usiku wa mwisho mwekahazina hapokei simu. Sisi hulipa kabla mtu hajapanda basi la kurudi, kwenye bahasha au kwenye simu, anasaini.

Malenga wazee ni habari nyingine. Wengi barua pepe hawana na simu yake inashikwa na mjukuu. Huyo unaenda nyumbani kwake, unapiga hodi, shikamoo, unakaa, hutaji shughuli mpaka umeulizwa, na ukienda na kilo ya sukari hujakosea. Unaweza kwenda mara mbili ndo ukapata jibu. Muulize anapenda kughani (kuliimba shairi) mwenyewe au ana mtu wake wa kumghania, maana kwa desturi mtunzi na mghani wanaweza kuwa watu wawili, na mzee ambaye pumzi imepungua atafurahi akikaa pembeni anasikia beti zake kwenye koo la kijana mwenye sauti. Na mlipe sawa na mwandishi wa riwaya. Hili naligombania kila mwaka, kuna watu bado wanadhani mwenye kitabu ni mgeni na mwenye shairi kichwani ni burudani.

Kikao cha maongezi na mwandishi, dakika kwa dakika

Saa moja, isizidi. Dakika tano kumtambulisha, kumi asome, ishirini na tano maongezi, kumi na tano maswali ya watu, tano za mwisho asome tena kipande kifupi. Hizo tano za mwisho usizikate, ndo zinazouza kitabu.

Kumtambulisha sio kusoma wasifu. "Alizaliwa, akasoma shule ya msingi fulani, akahitimu shahada", wakati huo watu wanaangalia simu. Sema mambo mawili ya kweli kuhusu kitabu chenyewe na utaje jina lake mwisho, kama wanavyomtaja mwimbaji anapoingia.

Kusoma: ukurasa wa kawaida wenye maneno kama mia tatu ukisomwa kwa sauti unakwenda dakika mbili na nusu mpaka tatu, kwa hiyo dakika kumi ni kurasa tatu na kidogo, mwandishi akikwambia atasoma sura nzima mwambie hapana kwa heshima zote. Mwombe achague sehemu yenye watu wanaongea, wanagombana, wanachumbiana, asianze na ukurasa wa kwanza wenye maelezo ya mawingu. Ajisomee nyumbani mara mbili akiangalia saa. Achapishe kwa herufi kubwa kwenye karatasi, taa za uani zinadanganya macho.

Muulizaji ndo roho ya kikao, na huwa tunamchagua vibaya, tunampa mhadhiri kwa sababu ni mhadhiri, au mtangazaji kwa sababu ana sauti. Sifa ya kwanza awe amekisoma kitabu chote. Sifa ya pili aweze kunyamaza. Aandae maswali manane atatumia matano, na yasiwe ya "nini kilikusukuma kuandika" ambayo mwandishi ameshayajibu mara mia na anayajibu usingizini. Muulize kuhusu mtu mmoja kwenye hadithi, kwa nini huyu mama hakuondoka, hili jina ulilitoa wapi, ukurasa gani uliufuta ukaumia. Wakutane siku moja kabla wanywe chai, sio kufanya mazoezi ya majibu, hapana, ni wazoeane tu ili mbele za watu waongee kama watu waliokaa baraza moja.

Maswali ya watu sasa. Kila ua una yule bwana. Anasimama, anashukuru waandaaji, anamshukuru Mungu, anasema ana mambo manne, jambo la kwanza lina vipengele. Dawa zake ziko mbili. Maiki ashike mtu wetu, asimkabidhi muulizaji wa swali, yaani anamshikia mdomoni kama mahojiano, akizidi maiki inaondoka yenyewe taratibu na hakuna aliyeaibishwa. Na ya pili, tunagawa vikaratasi na kalamu mwanzo, watu waandike swali, kuna kinamama na wanafunzi ambao kamwe hawatasimama mbele ya wakwe na walimu wao lakini kwenye karatasi wanauliza maswali makali kuliko wote. Emsii anasoma vya karatasi vitatu kabla ya kufungua maiki.

Usiku wa mashairi

Hapa nitakaa kidogo maana hapa ndo watu wengi wanapaharibu kwa kuiga kitu walichokiona kwenye video, taa ya bluu, mtu mmoja ananong'ona, wengine wanapiga vidole. Kwetu shairi linaimbwa. Lina mahadhi, na msikilizaji ana kazi ya kufanya, anapokea kibwagizo, ule mstari unaorudi kila ubeti. Ukiwaweka watu wa pwani wakae kimya saa mbili wakisomewa mashairi kama taarifa ya habari, usishangae wakaondoka.

Kwa hiyo hatua ya kwanza, kila malenga akuletee kibwagizo chake wiki moja kabla. Emsii anawafundisha watu kile kibwagizo kabla shairi halijaanza, wanakirudia mara mbili tatu, kikishakaa midomoni ndo mghani anaanza. Nikupe mfano, mwaka wa pili umeme ulikata katikati ya usiku na mzee mmoja akaendelea bila spika, ua mzima ukanyamaza kumsikia, kesho yake nikaandika ubeti huu:

Umeme umekatika, kiza kimetanda humu,
Na kipaza chazimika, haisikiki salamu,
Malenga akainuka, sauti yake adhimu,
Ya bomba yanakauka, ya kisima yanadumu.

Hesabu mwenyewe, mizani (silabi) nane kwa nane, vina vya kati -ka, vya mwisho -mu, mshororo wa nne ndo unaorudi kila ubeti. Watu hawahitaji somo la ushairi kulipokea hilo, wanahitaji kuambiwa tu "ya kwenu ni ile ya bomba na kisima." Sasa kwa muda, ubeti wa aina hii ukighaniwa bila haraka na watu wakapokea unachukua nusu dakika mpaka dakika nzima kutegemea mahadhi, basi shairi la beti saba ni dakika tano hivi. Mpe kila malenga mashairi mawili. Utenzi ni mrefu, mishororo ya mizani nane nane inakwenda kwa kasi lakini beti zinaweza kuwa mia, huo mwombe mghani akate kisa kimoja chenye mwanzo na mwisho, beti thelathini, na aseme kilichotangulia kwa maneno ya kawaida.

Hatua ya pili, malumbano. Hiki ndo kiungo cha usiku wote. Zamani malenga Muyaka wa Mombasa alikuwa akirushiana mashairi na watu wa Lamu, na magazetini hapa kwetu watu wamejibizana miaka na miaka. Unafanya hivi: wiki mbili kabla, malenga mmoja anatunga shairi la swali, beti tatu, liwe fumbo kidogo lakini sio siasa ya jimbo wala jina la mtu, tulishawahi kupata matatizo kwa fumbo ambalo kila mtu alijua ni nani. Unalichapa kwenye karatasi kubwa, unalibandika vijiwe vya kahawa, kwa kinyozi, sokoni, stendi, kwenye magrupu ya WhatsApp, na chini unaandika "majibu usiku wa Jumamosi." Hilo ni tangazo kuliko bango lolote la rangi ulilolipia. Watu wanabishana kijiweni siku kumi na nne, wengine wanakuja na majibu mfukoni ambao hata hukuwajua kama wanatunga. Usiku ule unaruhusu majibu matano tu, beti tatu tatu kwa bahari (aina ya shairi) ile ile na vina vile vile, halafu mwenye swali anafumbua fumbo lake mwisho. Usitoe mshindi. Nguo ya kumvika aliyejibu vizuri, kikoi au leso, inatosha, na watu wenyewe kwa makofi watasema nani.

Hatua ya tatu, vijana. Kuna wanaoandika mashairi huru, kuna wa kughani kwa mdundo, na kuna wazee ambao ukilitaja tu shairi lisilo na vina wanakunja uso. Huo ugomvi ni wa tangu Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi, kitabu chake cha mashairi huru, mwaka 1974 na hutaumaliza wewe uani kwako. Kosa ni kuwatenga, wazee saa mbili, vijana saa nne, maana wazee wakimaliza wanaondoka na wake zao na wajukuu wao na vijana wanabaki wanasomeana wenyewe. Changanya. Mzee mmoja, vijana wawili, mzee, mwanamke mghani, kijana. Kijana dakika tatu, na emsii ana kikengele. Mwaka jana kijana mmoja alisoma shairi huru kuhusu baba yake mvuvi na yule mzee mkali kuliko wote akaomba maiki akasema "vina hana, lakini kina anacho", nikasema haya, tumepona.

Wanawake waghani waulize mapema wanataka saa ngapi na nani atawarudisha nyumbani, na bajaji ya kuwarudisha iwe kwenye bajeti. Bila hiyo utapata orodha ya wanaume kumi na mbili halafu utasema wanawake hawakujitokeza.

Halafu kutunza. Watu watanyanyuka na noti kama kwenye taarab, ni desturi nzuri, ila mwenye kupita mbele ya mghani katikati ya ubeti anawaziba wa nyuma na anamkata pumzi. Weka ungo mbele ya jukwaa, emsii aseme kutunza ni kwenye kibwagizo, na hela ya kwenye ungo ni ya mghani yote, kamati isiiguse.

Sauti na umeme

Ukiwa na hela ya kitu kimoja tu, lipia fundi sauti mzuri. Sio spika kubwa, fundi. Fundi wa harusi amezoea kutia mwangwi na besi mpaka maneno hayasikiki, mwambie wazi hii ni shughuli ya maneno, toa mwangwi, punguza besi, nataka mtu wa safu ya mwisho asikie silabi. Maiki nne: mwandishi, muulizaji, ya watu, na ya akiba. Mghani apewe ya kwenye stendi ili mikono iwe huru. Kwa upepo wa kusi vika maiki sponji zake, zikikosekana soksi nyembamba safi inafanya kazi, nimeifanya na hakuna aliyeona. Spika ziwekwe mbele ya maiki zikiwaangalia watu, zikikaa nyuma ya mwandishi zitapiga mluzi jioni nzima. Spika mbili za ziada ndogo katikati ni bora kuliko mbili kubwa mbele zinazowaziba masikio wa mikeka.

Jenereta ikae mbali, nyuma ya ukuta, ijaribiwe siku moja kabla ikiwa na mzigo wote, na mafuta yawe yameshanunuliwa. Taa za chaji mbili za kuangazia kurasa. Jaribuni sauti saa tano asubuhi na tena saa kumi kasoro, ua ukiwa na watu sauti inabadilika.

Kuuza vitabu

Mwandishi kaja, watu wamependa, halafu kitabu hakipo. Aibu hiyo usiipate. Ongea na duka la vitabu au mchapishaji upewe mali kauli, unauza unachouza na unarudisha vilivyobaki, mkiandikiana idadi na bei na hali ya vitabu siku ya kupokea. Mimi huanza na nakala ishirini za kila mwandishi, wa shuleni naongeza. Meza iwe njiani pa kutokea, sio kona, na watu wawili: mmoja wa kuchukua hela na mmoja wa kuandika. Lipa namba (ya kulipia kwa simu) ibandikwe kwa herufi kubwa, na uwe na chenji ya noti ndogo maana mtu mwenye noti ya elfu kumi na kitabu cha elfu saba akisubiri sana anabadili mawazo.

Kusaini kuanze dakika ile ile kikao kinapoisha. Wape walio kwenye foleni vikaratasi waandike jina la kuandikiwa, Mwanakhamis ziko namna nne za kuliandika na mwandishi akikosea kitabu kimeharibika. Na mashairi ya wazee ambayo hayana kitabu? Tunapiga fotokopi mashairi manne matano kwa ruhusa yao, tunakunja kajarida, tunauza bei ya kikombe cha kahawa na mkate wa kumimina, hela inakwenda kwao. Huwa ndo kinachoisha kwanza.

Asubuhi ya watoto

Jumapili saa tatu mpaka saa tano, zaidi ya hapo jua na njaa. Usiwasomee tu, uanze na "paukwa" uone watakavyokujibu, halafu vitendawili, halafu hadithi moja, halafu wao watunge mishororo miwili ya vina kwa kupokezana. Walimu wapewe barua wiki tatu kabla, maji ya kunywa yawepo, na idadi ya watoto ihesabiwe wakiingia na wakitoka.

Kurekodi

Uliza kabla, na uandike alichokubali. Malenga mwingine atakubali kurekodiwa kwa ajili ya kuhifadhi lakini sio kuwekwa mtandaoni, kwa sababu shairi likishapanda huko kesho linaimbwa na mtu mwingine bila jina lake. Hiyo ni haki yake. Simu mbili kwenye stendi zinatosha, ila sauti ichukue moja kwa moja kutoka kwenye mashine ya fundi, na kila shairi liandikiwe jina la mtunzi, la mghani, na tarehe siku ile ile, baada ya wiki hakuna anayekumbuka. Nakala moja mpelekee mzee nyumbani kwenye memori kadi ya simu ya mjukuu.

Jumatatu

Lipa fundi, lipa bajaji, rudisha vitabu vya mali kauli na hesabu yake iliyosainiwa kabla duka halijakupigia. Nenda kwa malenga kusema asante, kwa miguu tena, na umuulize nini kimemkera, atakwambia. Viti vya kukodi vihesabu vikipakiwa garini na sio vikishafika. Sisi safari iliyopita tulikodi mia na ishirini, wakapakia mia na kumi na nane, tukazunguka mtaa mzima tukavikuta viwili kijiwe cha kahawa, vimekaliwa, na waliovikalia hawakutaka kuinuka kwa sababu bado walikuwa wanabishana lile fumbo lilikuwa na maana gani.